Mchumi wa serikali ni mtumishi wa nani? Kutoka karanga za Kongwa hadi bwawa la Pergau

MGOGO WA TAKWIMU (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome jioni akitulia.

Mimi ni mchumi, mwaka wa 14 huu nipo serikalini. Nimepita halmashauri mbili na sekretarieti moja ya mkoa. Kwetu ni Kongwa. Babu yangu alikuwa kibarua wa Waingereza kwenye ule mradi wa karanga, na chini ya mkwaju nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kipande cha mnyororo wa trekta, kizito, watu wawili hawakibebi. Watoto tulikikalia tukimenya karanga za bibi, zile za shamba la jembe la mkono ambazo hazijawahi kukataa kuota.

Wengi tunaujua mradi ule kwa jina tu. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita. Kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever ikapeleka wazo serikalini kwao: Tanganyika kuna ardhi tele, tukalime karanga kwa mashine. Wakatumwa watu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Wakazunguka wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa angani kwenye ndege, wakarudi na mpango wa ekari milioni 3.2, mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, 80 kati ya hayo Tanganyika. Gharama: pauni milioni 24 hivi. Hakuna shamba la majaribio lililolimwa kwanza. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000, zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Udongo wa Kongwa mvua ikikatika unakakamaa kama tofali, karanga zinabaki chini, chuma hakiingii. Januari 1951 mradi ukafungwa na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Babu alikuwa na neno lake moja: hawakumuuliza Mgogo mvua inakatika lini.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Uingereza ya wakati ule haikukosa wachumi. Tangu 1941 ilikuwa na kitengo cha uchumi katika ofisi ya baraza la mawaziri la vita, na mmoja wa waliokiongoza ni James Meade aliyekuja kupata Nobeli mwaka 1977. Lakini walikuwa wachache na kazi yao ilikuwa uchumi mkubwa: bajeti, ajira, sarafu. Mradi wa karanga ulipita Wizara ya Chakula kwa presha ya mafuta. Ilichukua mpaka 1964, serikali ya Harold Wilson ilipoingia, ndipo wakaunda kada maalumu ya wachumi wa serikali nzima, Government Economic Service, mkuu wake wa kwanza akiwa Alec Cairncross. Walianza wachache wa kuhesabika, leo ni zaidi ya 3,000.

Muundo wao ndio ninaotaka tuujadili. Mchumi anakaa wizarani, analipwa na wizara, bosi wake wa kila siku yuko hapohapo. Ila mlango wa kuingilia taaluma ni mmoja: unapimwa uchumi wako na wachumi wenzako kwa vigezo vya kada, haitoshi waziri au katibu mkuu kukupenda. Unahama wizara hii kwenda ile bila kuanza upya. Na wote mnapiga hesabu kwa mwongozo mmoja wa Hazina, wanauita Green Book. Kiwango cha punguzo, yaani kile kinachokuambia shilingi ya mwakani ina thamani gani leo, ni asilimia 3.5, kinashuka kuanzia mwaka wa 31. Huwezi kuamka asubuhi ukachagua chako kwa sababu mradi unapendwa.

Kuna kipengele kimoja nilipokisoma nilisimama nikazunguka chumba. Walitathmini miradi yao iliyopita, wakakuta waandishi wa miradi siku zote wana matumaini kuliko hali halisi. Wakaamua: ongeza gharama kabla hujaanza kujidanganya. Kwa kuanzia, jengo la kawaida unaongeza hadi asilimia 24. Barabara na kazi za kawaida za kihandisi hadi 44. Ikiwa ni kazi ya kihandisi isiyo ya kawaida, hadi 66. Ukitaka kupunguza hiyo nyongeza, thibitisha kwa vielelezo kwamba umeshughulikia hatari zake. Kwao matumaini ya kupitiliza yana kiasi na yana safu yake kwenye jedwali.

Sasa yangu. Miaka kadhaa nyuma, halmashauri fulani, tulitakiwa kuandaa andiko la stendi mpya ya mabasi. Nilikaa stendi ya zamani siku tano, saa 11 alfajiri mpaka saa 3 usiku, na kijana mmoja wa kujitolea. Tulihesabu kwa kuchora mistari, minne wima na wa tano unakata. Wastani ukawa mabasi 61 kwa siku. Nikaingiza kwenye jedwali pamoja na ushuru na vibanda, mradi ukawa unarudisha fedha mwaka wa 31. Bosi wangu akaniita. Hakufoka. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta pale penye 61, akasema: "Mchumi, hapa weka 140. Stendi nzuri huvuta mabasi."

Niliweka 140. Mradi ukarudisha fedha ndani ya miaka tisa.

Aliyekuwa anajaza OPRAS yangu, ile fomu ya kupima utendaji wa mtumishi, ni yeye. Anayesaini ruhusa yangu ni yeye. Hakukuwa na mchumi mwingine juu yangu, nje ya jengo lile, ambaye ningeweza kumpigia nikamwambia nimeombwa kubadili namba. Sijawahi kulala vizuri na ile 140.

Hoja yangu kwenu: Tume ya Mipango imerudishwa kwa sheria ya 2023, Dira 2050 tumeizindua. Wachumi tumejaa kila wizara na kila halmashauri. Lakini kada yetu kama kada iko wapi? Mchumi wa serikali ni mtumishi wa nani: wa bosi aliye mlango wa pili, au wa taaluma yenye nyumba yake?

Naomba kuwasilisha.

---

BINTI WA MIKINDANI

Mkuu, uzi mzuri, lakini mie watu wa Kusini huwa tunasikia hii hadithi ya karanga ikisimuliwa upande mmoja. Bandari ya Mtwara yenye kina kile kirefu ilijengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea. Karanga zilikufa, bandari ikabaki. Reli waliyojenga iling'olewa miaka ya mwanzo ya Uhuru, na hesabu za kuing'oa nina hakika zilikuwa safi kabisa: mizigo hakuna, faida hakuna. Tumekaa zaidi ya miaka 60 bila reli.

Wachumi wenu hawa wakikaa na kiwango chao kimoja, mikoa maskini haitapata kitu daima. Wapi kuna magari mengi? Dar. Wapi barabara inaonyesha faida? Dar. Unampa mwenye nacho kwa sababu anacho. Hilo ulijibu na wewe.

---

MZEE WA MASJALA

Wanangu, mimi nimestaafu siku nyingi, ninasoma zaidi kuliko kuandika. Lakini mmemtaja Cairncross na jina hilo limenirudisha mbali.

Mwaka 1967 nilikuwa karani kijana wa benki Tanga. Kulikuwa na ubao wa bei za fedha za kigeni, kazi yangu asubuhi ni kuufuta na kuandika upya. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, miaka yote, hata chaki nilikuwa sihitaji. Mwezi Novemba Waingereza wakashusha pauni yao, kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Sisi, Kenya na Uganda hatukuwafuata. Jumatatu ile meneja akanipa karatasi: 17.14. Wateja wakaja dirishani wanauliza kama nimekosea kuandika.

Baadaye sana nikaja kusoma yaliyokuwa yakiendelea kwao. Wilson alipoingia madarakani Oktoba 1964 aliamua na wenzake wawili kwamba pauni haitashushwa, na tangu hapo suala hilo likawa mwiko hata kuliandika. Ile kada ya wachumi imezaliwa mwaka huohuo, na jambo kubwa kuliko yote katika uchumi wao wamekatazwa kulitamka. Miaka mitatu walilipa deni la ukimya ule.

Kwa hiyo Mgogo, nyumba ya taaluma peke yake haitoshi. Wao walikuwa nayo na bado mdomo ulifungwa. Mimi nimemaliza utumishi wangu masjala, nakwambia kinachomlinda mtumishi ni karatasi iliyopokewa, ikapigwa muhuri na kupewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya faili. Ulipoweka 140, ile karatasi ya 61 uliipeleka wapi?

---

MGOGO WA TAKWIMU

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako limenikuta. Ile karatasi iko nyumbani, ndani ya Biblia ya mama. Haijawahi kuingia kwenye faili.

Dada wa Mikindani, nimekusoma mara mbili. Unachosema kiliwafika hata wao. Watu wa kaskazini mwa Uingereza walilalamika miaka mingi kwamba mwongozo unaipendelea London kwa sababu ardhi ya London ni ghali na mishahara mikubwa, kila mradi wa huko unatoka na uwiano mzuri wa faida na gharama. Mwaka 2020 Hazina iliupitia upya, ikakiri kwamba maofisa walikuwa wanaabudu ule uwiano na kusahau mradi ulikusudiwa kumfikia nani. Na kuna kitu kilichomo humohumo: uzito wa kipato. Shilingi ikimfikia mtu anayepata nusu ya kipato cha wastani, kwa kanuni yao inaweza kuhesabiwa kama shilingi mbili na nusu hivi, maana yeye ataisikia zaidi. Kwa hiyo hesabu inaweza kuibeba Mtwara, mradi aliyeiandika aseme wazi kwamba ameweka uzito huo na kwa nini. Ninachokataa ni kuibeba Mtwara kwa kudanganya idadi ya magari.

Kuhusu reli yenu sina ubishi. Ile ilikuwa hesabu ya miaka mitano iliyotumika kuamua jambo la miaka 100.

---

CHEPKOECH WA KAUNTI

Hamjambo majirani. Mimi ni mwanauchumi katika kaunti moja ya Bonde la Ufa, eneo la majani chai. Huku kwetu sheria imetubana vizuri: mpango wa miaka mitano wa kaunti, mpango wa kila mwaka upelekwe bunge la kaunti kufikia Septemba 1, ushirikishaji wa umma ufanywe. Kaunti 47, kila moja na wanauchumi wake. Lakini ukiniuliza kama kuna mwenzangu wa kaunti jirani anayepitia hesabu zangu kabla hazijafika kwa gavana, hakuna. Kwa hiyo Mgogo, ugonjwa wako ni wetu pia.

Niongeze jambo linalonipa fahari. Nicholas Stern, aliyekuja kuwa mkuu wa ile kada ya Uingereza kati ya 2003 na 2007, alianza utafiti wake huku Kenya mwishoni mwa miaka ya 60, akichunguza chai ya wakulima wadogo. Mamangu alikuwa mmoja wa wakulima hao wa mwanzo, kitabu chake cha kilo za majani tunacho mpaka leo. Miaka zaidi ya 30 baadaye mtu huyo ndiye aliyeandikia serikali yake ripoti ya 2006 ya mabadiliko ya tabianchi: kuchukua hatua kutagharimu kama asilimia 1 ya pato la dunia kwa mwaka, kukaa kimya kutagharimu asilimia 5 hadi 20.

Na ugomvi mkubwa juu ya ripoti ile ulikuwa hilohilo la kiwango cha punguzo. Chukueni shilingi 100 za miaka 50 ijayo. Kwa asilimia 3.5 ya Hazina, tuseme isishuke miaka yote 50, leo zinahesabika kama 18. Kwa kiwango cha Stern kilichokaribia 1.4, zinahesabika kama 50. Alikataa kumpunguza mtoto ambaye hajazaliwa kwa sababu tu amechelewa kuzaliwa. Wachumi wengine, Mmarekani William Nordhaus akiwemo, walimpinga vikali. Lakini walibishana juu ya namba iliyokuwa mezani, kila mtu anaiona. Mimi huku nikiuliza kiwango cha punguzo kwenye kikao naambiwa hilo ni la wataalamu, tuendelee. Na mtaalamu ni mimi!

---

KABWELA MSOMI

Ngojeni kidogo. Mnawapamba sana hawa wachumi. Nani alisema wao hawakosei? Mwaka 1976 Hazina ya Uingereza ilikadiria nakisi kubwa, waziri Denis Healey akaenda IMF kukopa dola bilioni 3.9, akakata matumizi, watu wakaumia. Baadaye nakisi halisi ikatoka ndogo kuliko makadirio. Healey mwenyewe aliwalaumu watabiri wake. Kada ilikuwepo, mambo yakaharibika vilevile. Mwananchi wa kawaida atawaamini vipi?

---

MGOGO WA TAKWIMU

Kabwela, asante, hilo la 1976 ni kweli tupu na sitalitetea. Nikuongezee jingine la karibu. Mwaka 2012 wizara ya usafiri ya Uingereza ilitangaza mshindi wa zabuni ya treni za reli ya pwani ya magharibi, kisha tarehe 3 Oktoba ikaifuta. Kwenye hesabu za dhamana walizowadai wazabuni walichanganya bei za leo na bei zenye mfumuko ndani yake. Kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili anakatwa maksi. Fidia kwa wazabuni ikawa mamilioni ya pauni.

Tazama walichofanya baada ya hapo. Serikali iliita uchunguzi, ripoti ikatoka hadharani, halafu ikapitia jedwali zote muhimu za serikali nzima na kuandika mwongozo wa kuhakiki hesabu. Sasa kila jedwali linaloamua jambo kubwa lazima liwe na mwenye kulijibia kwa cheo chake, na jicho la pili lisilo la yule aliyeliandika. Kosa likapata jina na dawa. Yangu ya 140 haina jina, kwa sababu haionekani kama kosa. Inaonekana kama makadirio.

Ila jibu langu kubwa kwako na kwa Mzee ni Pergau. Nilitaka kuliandikia uzi wake, acha nilimwage hapa.

Pergau ni mto wa jimbo la Kelantan, Malaysia. Machi 1989 Margaret Thatcher alimuahidi waziri mkuu Mahathir msaada wa kujenga bwawa la umeme. Bei ya wakandarasi ilikuwa pauni milioni 316, na wiki chache tu baada ya ahadi ikapanda kuwa 397. Nyuma yake kulikuwa na makubaliano ya mwaka 1988 ya Malaysia kununua silaha za Uingereza.

Wachumi wa idara ya misaada ya ng'ambo wakakaa chini. Wakalinganisha umeme wa lile bwawa na mitambo ya gesi, maana Malaysia wana gesi yao wenyewe. Wakapata kwamba mwananchi wa Malaysia atalipia umeme zaidi ya pauni milioni 100 ya ziada katika maisha ya mradi kuliko wangetumia gesi. Bwawa lingekuja kufaa, ila si kwa wakati ule. Msaada wenyewe ulikuwa pauni milioni 234, mkubwa kuliko wowote waliowahi kutoa kwa mradi mmoja.

Mkuu wa idara alikuwa Tim Lankester, naye mchumi, aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia. Februari 1991 akaandika kwamba hawezi kuidhinisha fedha hizi. Hapa ndipo penye siri ya utaratibu wao: afisa masuuli, yaani mkuu wa idara anayewajibika kwa fedha zake, akiona fedha ya umma inapotea, anamwambia waziri, "Nipe agizo kwa maandishi." Waziri ana haki ya kuamua, amechaguliwa. Lakini ataamua kwa saini yake, na agizo lile linakwenda kwa mkaguzi mkuu wa hesabu. Waziri wa mambo ya nje Douglas Hurd alitoa agizo Julai 1991, waziri mkuu John Major akiwa amekubali. Bwawa likajengwa.

Mtasema basi wachumi walishindwa. Nami nilidhani hivyo. Lakini 1993 mkaguzi mkuu akaifungua ile barua mbele ya bunge. Shirika moja la kiraia likaenda mahakamani, na tarehe 10 Novemba 1994 Mahakama Kuu ya London ikasema msaada ule ulivunja sheria, kwa kuwa sheria iliruhusu fedha za misaada kwa maendeleo tu, na mradi usio na mantiki ya kiuchumi si maendeleo. Majaji walijuaje hauna mantiki? Walisoma karatasi za wachumi wale. Karatasi za 1990 na 1991, zikiwa na tarehe na majina, hazikubadilishwa hata tarakimu moja kumfurahisha mtu.

Kwa hiyo Mzee uko sahihi. Nyumba ya taaluma humpa mtu ujasiri wa kuandika 61. Lakini ni masjala inayoifanya 61 iishi.

---

BINTI WA MIKINDANI

Nimesoma hii ya Pergau nikiwa kwenye daladala, nimepitiliza kituo. Nakubali. Naongeza kwamba agizo la maandishi lingetufaa sana hata sisi tunaopigania mikoa yetu: kiongozi akitaka kuipendelea Kusini kwa sababu ya haki, aandike hivyo na asaini. Isionekane ni huruma ya pembeni.

---

MSAFIRI WA DELHI

Salaam kutoka Muscat. Nilisoma shahada ya pili ya uchumi Delhi, nikaona kwa macho mfano wa tatu. India wana kada inayojitegemea kabisa, Indian Economic Service, iliundwa Novemba 1961 enzi za Nehru. Kuingia ni mtihani wa taifa zima: lazima uwe na shahada ya uzamili ya uchumi au tawi lake, umri kati ya 21 na 30. Karatasi sita zenye alama 1,000, mahojiano 200. Karatasi nne ni uchumi mtupu. Nafasi huwa chache mno, mwaka 2023 zilitangazwa 18 tu kwa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja. Mwenzangu wa bwenini alijaribu mara mbili, meza yake ilikuwa na chupa ya wino, feni na marundo ya mitihani ya nyuma, basi.

Lakini kuna kidonda. Mshauri mkuu wa uchumi wa serikali mara nyingi wanamleta kutoka nje ya kada: Kaushik Basu, Raghuram Rajan, Arvind Subramanian, wote walitoka vyuo vikuu na taasisi za kimataifa. Vijana wa kada wanalalamika kwamba wanaandika taarifa ya hali ya uchumi kila mwaka na kiti cha juu hawakikalii. Uingereza kwa Cairncross, na hata kwa Stern, ilikuwa hivyohivyo, lakini Gus O'Donnell aliingia Hazina kama mchumi mwaka 1979, akaja kuongoza kada na mwishowe akawa katibu mkuu wa baraza la mawaziri. Mkianzisha yenu, hakikisheni ngazi ina kipandio cha mwisho.

---

KIJANA WA MIPANGO

Shikamooni wakubwa. Mimi nimehitimu Chuo cha Mipango Dodoma, natafuta ajira. Nimeitwa kwenye usaili wa Mchumi Daraja la II, wiki ijayo. Nimesoma huu uzi wote na ninaogopa. Kaka Mgogo, nikipata hiyo kazi na mimi nikaambiwa weka 140, nifanyeje? Sina mtu juu. Nina mdogo wangu anasubiri ada.

Na ile stendi ikoje leo?

---

MZEE WA MASJALA

Marahaba mwanangu. Sikushauri upigane na bosi wiki ya kwanza. Andika dokezo fupi, nusu ukurasa. Sema: hesabu niliyoifanya tarehe fulani kwa njia fulani imetoa 61, nimeelekezwa kutumia 140 kwa sababu ya matarajio ya ongezeko, naambatisha zote mbili. Lugha ya heshima, usimtuhumu mtu. Likipita masjala limepita. Bosi mwenye akili akilisoma atakuita mkae mtafute namba ya katikati yenye sababu, maana na yeye hataki 140 iwe na jina lake peke yake. Hivyo ndivyo nilivyoona maofisa wazuri wakifanya.

---

MGOGO WA TAKWIMU

Kijana, mfuate Mzee. Na kwenye usaili wakikuuliza thamani ya sasa ya mradi, usitaje fomula ukanyamaza. Taja kiwango cha punguzo ulichotumia na useme kikibadilika jibu linabadilika vipi. Wasaili wengi hawasikii hilo kutoka kwa wahitimu.

Umeuliza stendi. Sikutaka kuijibu kwa kumbukumbu, kwa hiyo Ijumaa niliomba ruhusa nikaenda. Nilifika saa 11 alfajiri, nikakaa kwa mama ntilie karibu na lango, nikachora mistari ileile, minne wima na wa tano unakata, mpaka saa 3 usiku. Mabasi 73. Vibanda vya ghorofa ya juu vyote vimefungwa, kimoja kina mbuzi. Mama ntilie aliniuliza kama natoka TRA.

Kwa hiyo stendi imevuta mabasi 12. Bosi wangu wa zamani hakukosea kabisa kwamba stendi nzuri huvuta, na hilo nimeliandika pia.

Jumatatu niliitoa ile karatasi kwenye Biblia ya mama, nikaiambatisha na ya Ijumaa, nikaandika dokezo la nusu ukurasa kwenda kwa mkurugenzi wa sasa wa halmashauri ile, nakala kwa katibu tawala wa mkoa. Niliandika kwamba 140 niliiweka mimi, kwa mkono wangu, nikijua si kweli. Dada wa masjala aliipokea, akagonga muhuri, akaandika kwa kalamu nyekundu pembeni: folio 52.